Rubani Aliyevalishwa Nishani na Nchi ya Watu

Eugene Bullard alikufa akiwa na medali 15, na hakuna hata moja aliyopewa kwa kuangusha ndege ya adui. Nalitanguliza hili kwa sababu siku hizi jina lake likitajwa hutajwa kwa urubani: Mmarekani mweusi wa kwanza kurusha ndege ya kivita. Sifa hiyo ni ya kweli. Lakini ukizichukua nishani zake moja moja ukauliza kila moja imetoka wapi, nyingi zitakurudisha ardhini, kwenye mahandaki na mashimo ya mizinga ya Verdun katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na chache zitakupeleka kwenye Vita vya Pili, alipokuwa mtu mzima wa miaka 44 aliyekuwa na baa yake Paris. Angani alipata beji ya mabawa, kisha akaondolewa. Na zote alipewa na Ufaransa. Nchi iliyomzaa ilianza kumkumbuka akiwa kaburini kwa karibu miaka 30.

Alizaliwa Oktoba 9, 1895, katika mji wa Columbus, jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Baba yake, William, alikuwa kibarua mwenye nguvu za kutisha. Mama yake, Josephine, alikuwa na asili ya kabila la Creek, wenyeji wa eneo hilo tangu kabla ya wazungu, na alifariki Eugene akiwa bado mdogo. Baba alikuwa akiwasimulia watoto kwamba wazee wao walitokea Martinique, kisiwa cha Wafaransa, na kwamba Ufaransa ni nchi ambayo mtu mweusi huhesabiwa mtu. Hakuwahi kuiona nchi hiyo. Hata hivyo neno lake lilimkaa mtoto kichwani kuliko lolote aliloambiwa shuleni.

Kisha likatokea jambo lililomfanya asiweze kulisahau. Baba aligombana na msimamizi wake kazini, na usiku ule genge la wazungu likafika mlangoni kumtafuta. Wakati huo Georgia, ziara ya namna hiyo ilikuwa na mwisho unaojulikana: kamba na mti. Baba alikaa gizani ndani ya nyumba na bunduki mkononi, watoto wakiwa wamenyamaza kimya, mpaka watu wale wakachoka na kuondoka. Baba alilazimika kujificha, na haukupita muda mrefu Eugene akatoroka nyumbani, akiwa na miaka kama 11. Alitangatanga Georgia kwa miaka kadhaa. Kwa muda aliishi na ukoo wa wafuga farasi wa mashindano waliotoka Uingereza, watu wa kuhamahama, nao wakamwambia kwamba kwao hakuna sheria za kuwatenga weusi na weupe. Mwaka 1912 alifika bandari ya Norfolk, Virginia, akazamia kwenye meli ya mizigo ya Kijerumani iitwayo Marta Russ. Ilimshusha Aberdeen, Uskoti. Alikuwa na miaka 16.

Uingereza ilimpa kazi za hapa na pale, halafu ngumi. Aliingia ulingoni Liverpool, akalelewa kimchezo na bondia mweusi wa Kimarekani aliyejulikana kama Dixie Kid, na mwishoni mwa 1913 pambano moja likampeleka Paris. Alipoiona, hakutaka tena kuondoka. Basi Ujerumani ilipoivamia Ufaransa mwaka uliofuata, kijana huyu aliona nchi yake imeingiliwa, ingawa hakuwa na karatasi yoyote ya kuthibitisha kwamba ni yake. Oktoba 1914, siku chache baada ya kutimiza miaka 19, alijiandikisha katika Jeshi la Kigeni la Ufaransa, lile ambalo humpokea mgeni bila kumuuliza maswali mengi kuhusu alikotoka.

Alipigana mto Somme, akapigana Champagne mwaka 1915, ambako Jeshi la Kigeni lilipoteza watu kiasi kwamba vikosi vilivyobaki ilibidi viunganishwe. Baadhi ya wageni, yeye akiwamo, wakahamishiwa kwenye regimenti za kawaida za Kifaransa. Yake ikawa ya 170 ya askari wa miguu, ambayo ilikuwa na jina la utani la mbayuwayu wa mauti. Kutokana nalo baadaye Bullard akaitwa mbayuwayu mweusi wa mauti, na wengi hudhani jina hilo alilipata kwa kuruka kama ndege. Sivyo. Alilipata akitambaa kwa tumbo.

Mapigano ya kuugombea mji wa Verdun yalianza Februari 21, 1916, na yalikwisha Desemba. Regimenti ya 170 ilipelekwa huko mapema, wakati Wajerumani walipokuwa wameshaiteka ngome ya Douaumont. Katika siku za mwanzo za Machi kombora lililipuka karibu na Bullard na kumng'oa meno karibu yote. Aliendelea na vita. Machi 5 kombora jingine likamchana paja, na safari hii alibebwa. Alilazwa Lyon kwa miezi kadhaa, na madaktari wakamwambia kwamba vita vya miguu kwake vimekwisha.

Msalaba wa Vita alivishwa mwaka huo huo wa 1916. Nishani hii, Croix de guerre, ilikuwa bado mpya; ilianzishwa Aprili 1915, ili askari aliyetajwa kwa sifa katika taarifa za jeshi awe na kitu cha kuvaa kifuani. Ni msalaba wa shaba wenye panga mbili zilizopishana, umening'inizwa kwenye utepe wa kijani wenye mistari myembamba myekundu. Msalaba wenyewe haukuambii mengi. Ujanja uko kwenye utepe. Aliyetajwa kwa sifa katika taarifa ya regimenti au brigedi yake huwekewa nyota ya shaba. Akitajwa na divisheni, nyota ya fedha. Akitajwa na jeshi zima, tawi la mtende. Kwa hiyo askari akipita barabarani, anayejua kusoma kifua humjua: nani alimwona, na jina lake lilipanda mpaka meza ya nani. Utepe wa Bullard ulikuwa na nyota ya shaba. Waliomshuhudia ni wale wale waliokuwa naye ndani ya shimo.

Aliwahi pia kustahili medali ya mji wa Verdun, na hii naipenda kuliko nyingine kwa sababu haikutolewa na serikali wala jeshi. Ilianzishwa na halmashauri ya mji wenyewe Novemba 1916, mji ukiwa ni kifusi na mapigano hayajamalizika, iwe shukrani kwa kila aliyeutetea. Mji usio na paa hata moja zima ukakaa kikao na kuagiza medali.

Hadithi ya kuingia kwake kwenye ndege ilianza kwa dau. Akiwa Paris anajiuguza, alikaa mkahawani na marafiki, miongoni mwao Jeff Dickson, Mmarekani mweupe kutoka kusini. Bullard akasema, kwa kuwa mguu haufai tena kwa mahandaki, atajaribu urubani. Dickson akacheka: hakuna mweusi kwenye ndege za kivita. Wakawekeana dola 2,000, fedha nyingi mno kwa wakati ule. Mchoraji Moïse Kisling alikuwa mmoja wa mashahidi.

Oktoba 1916 alikubaliwa kwenye jeshi la anga, kwanza kama mpiga bunduki, kisha akaomba ahamishiwe kwenye mafunzo ya kuruka. Aprili ya mwaka uliofuata Marekani ikaingia vitani. Mwezi mmoja baadaye, Mei 5, 1917, Bullard akapata cheti chake, namba 6950. Dickson alilipa. Na mshindi, kama anavyotarajiwa kijana wa miaka 21 mwenye sare mpya ya buluu, aliivaa Paris nzima ipate kumwona.

Hapa nisimame kidogo, kwa kuwa neno "wa kwanza" huandikwa ovyo. Bullard huitwa mara nyingi rubani mweusi wa kwanza wa kijeshi duniani. Mjamaika William Robinson Clarke alipata cheti chake Uingereza Aprili 26, 1917, siku tisa kabla yake. Domenico Mondelli, mzaliwa wa Asmara aliyekulia Italia, alikuwa rubani wa jeshi la Italia tangu 1914. Kwa Wamarekani, Bullard ndiye wa kwanza, na hilo linamtosha.

Agosti 1917 alipangiwa kikosi cha N 93, kilichokuwa kusini ya Verdun. Ule mji aliotolewa amebebwa akarudi kuuona kutoka juu. Safari yake ya kwanza ya vita ilikuwa Septemba 8. Katika kipindi kifupi alichokuwa akiruka, kwanza katika kikosi hicho kisha katika kikosi cha 85, alifanya safari 20 hivi akiwa na ndege za Nieuport na SPAD. Ubavuni mwa ndege yake alichora moyo uliochomwa kisu, na maneno ya Kifaransa yenye maana kwamba damu yote ni nyekundu. Ndani ya koti lake la urubani alikuwa na abiria: tumbili aliyeitwa Jimmy, aliyemnunua Paris.

Alidai ameangusha ndege moja, pengine mbili. Hazikuthibitishwa. Utaratibu wa Kifaransa ulikuwa mkali: ushindi ulihesabiwa pale tu ulipokuwa na mashahidi wengine wa kuaminika, na ndege iliyoangukia upande wa adui, mabaki yake hayakuweza kukaguliwa na mtu. Marubani wengi weupe nao walikosa ushindi kwa njia hiyo hiyo, kwa hiyo sioni sababu ya kulifanya hili kuwa dhuluma. Dhuluma ilikuwa kwingine.

Jeshi la Marekani lilipofika Ufaransa lilikuwa na watu wengi na marubani wachache. Likawaalika Wamarekani waliokuwa wakiruka kwa Wafaransa wajiunge nalo, na wengi wao, waliokuwa makoplo na masajini, wakapewa vyeo vya uofisa. Bullard aliomba. Alipita kipimo cha afya. Akasubiri jibu, akaona wenzake wanaondoka mmoja mmoja na sare mpya, na lake halikuja. Jeshi la anga la Marekani lilikuwa la weupe, basi. Hakuna aliyemwandikia kumwambia hivyo.

Novemba 1917 hata Wafaransa wakamtoa angani. Inasimuliwa kwamba alikorofishana na ofisa mmoja wa Kifaransa; na wako wanaoamini kwamba Wamarekani wenye sauti Paris walisukuma mambo. Vyovyote iwavyo, mwanzoni mwa 1918 mtu mwenye mabawa kifuani alirudishwa kwenye regimenti yake ya 170, kufanya kazi za nyuma ya mstari wa vita. Alibaki huko mpaka alipoachiwa mwaka 1919. Ufaransa inayosifiwa katika hadithi hii ndiyo iliyofanya hivyo, na ndiyo hiyo hiyo ambayo wakati ule ilikuwa ikiwatawala mamilioni ya Waafrika kwa sheria ambazo Bullard, akiwa mgeni kutoka Marekani, hazikumgusa. Baba yake alikuwa amesema kweli, ila kweli ya sehemu.

Miaka ya amani naipitia haraka, japo yeye mwenyewe aliifaidi. Alijifunza ngoma za jazi, akasimamia klabu ya Le Grand Duc mtaani Montmartre, ambako mwaka 1924 mshairi Langston Hughes alikuwa akiosha vyombo jikoni. Mwaka 1923 alimwoa Marcelle Straumann, wakapata mabinti wawili, ndoa ikavunjika mwaka 1935. Alifungua baa yake mwenyewe akaiita L'Escadrille, yaani kikosi cha ndege, na ukumbi wa mazoezi ya ngumi. Kabla ya vita vya pili idara ya ujasusi ya Ufaransa ilimwomba awasikilize wateja wa Kijerumani. Walikuwa wakizungumza mbele yake bila hofu, wakiamini mweusi anayewahudumia hawezi kujua Kijerumani. Alikijua.

Juni 1940 Wajerumani walipoikaribia Paris alitembea kwenda kutafuta kikosi. Huko Orléans aliikuta Regimenti ya 51, na mkubwa aliyekuwapo, Roger Bader, alikuwa ofisa aliyemfahamu tangu Verdun. Akampa bunduki ya rashasha. Siku chache baadaye, karibu na mji wa Le Blanc, mlipuko ulimrusha na kumuumiza uti wa mgongo. Bader akamwamuru akimbie: mweusi, mgeni, mpelelezi, akikamatwa atapigwa risasi. Bullard akavuka kwenda Hispania, akafika Lisbon, na Julai akashuka bandarini New York. Alikuwa ameondoka Marekani miaka 28 kabla, kwa kujificha melini.

New York haikumjua. Aliuza manukato, akafanya ulinzi, akawa mkalimani wa mwanamuziki Louis Armstrong. Mabinti zake walimfuata baadaye. Kwenye nyumba ndogo ya kupanga mashariki mwa Harlem alitundika picha za watu maarufu aliowafahamu Paris, na fremu ya kioo yenye zile medali 15. Mbele ya fremu ile ungeona Msalaba wa Vita na nyota yake. Medali ya Kijeshi, ya fedha, yenye utepe wa manjano na pindo za kijani, ambayo Ufaransa huitunza kwa askari wa vyeo vya chini na kwa majenerali waliowahi kuongoza majeshi vitani, wale wa katikati wakiikosa. Msalaba wa mpiganaji wa kujitolea. Medali ya waliojeruhiwa. Na nyingine za kampeni na za ukumbusho wa vita vyote viwili.

Mwishoni mwa majira ya joto ya 1949 alikwenda Peekskill, kaskazini ya jiji, kwenye onyesho la mwimbaji Paul Robeson, ambaye wakati ule alikuwa akiandamwa kwa siasa zake za mrengo wa kushoto. Vyama vya askari wa zamani wa eneo lile viliitisha maandamano ya kumpinga, na maandamano yakageuka ghasia. Bullard aliangushwa chini akapigwa, polisi wakiwa miongoni mwa wapigaji, virungu vikimshukia mgongo ule ule ulioumia mwaka 1940. Kamera zilinasa tukio zima. Hakuna aliyeshtakiwa. Mtu mwenye medali ya waliojeruhiwa ya Ufaransa akapata majeraha mengine ambayo hayakuwa na medali.

Mwaka 1954 serikali ya Ufaransa ilimwita Paris, awe miongoni mwa wachache wa kuwasha upya mwenge wa kaburi la Askari Asiyejulikana chini ya Arc de Triomphe. Mwaka huo huo Benjamin O. Davis Jr. alikuwa mweusi wa kwanza kuwa jenerali wa jeshi la anga la Marekani. Davis alikuwa mmoja wa marubani watano wa kwanza weusi waliohitimu mafunzo ya urubani wa kijeshi ya Tuskegee Machi 1942, robo karne baada ya Bullard kuomba na kutojibiwa.

Oktoba 9, 1959, siku aliyotimiza miaka 64, Bullard alivishwa mjini New York nishani ya Légion d'honneur kwa daraja la shujaa. Ni nishani iliyoanzishwa na Napoleon mwaka 1802, na hakuna iliyo juu yake Ufaransa. Kisha alirudi kazini kama kawaida: wakati huo alikuwa mwendesha lifti katika majengo ya Rockefeller Center. Siku nzima aliwapandisha na kuwashusha watu waliomwambia namba ya ghorofa na wasimwambie jingine. Baadhi yao walifanya kazi katika televisheni ya NBC, yenye studio humo humo. Habari ya nishani ilipowafikia, walishangaa kumkuta shujaa ndani ya lifti yao wenyewe, na Desemba 22 wakamhoji kwenye kipindi cha Today, Dave Garroway akiwa mtangazaji. Bullard alikwenda mbele ya kamera akiwa na sare yake ya lifti. Barua za watazamaji zikamiminika, kisha zikakoma.

Aprili 1960 Charles de Gaulle, rais wa Ufaransa, alizuru New York, na katika mkutano wa hadhara akamkumbatia mbele ya umati. De Gaulle alikuwa na sababu zake za kuonekana anamkumbatia mtu mweusi mwaka ule. Makoloni yake ya Afrika yalikuwa yakijitenga moja baada ya jingine. Lakini alimjua kwa jina, na hilo rais wa nchi yake Bullard hakuwahi kulifanya.

Saratani ya tumbo ilimuua Oktoba 12, 1961, siku tatu baada ya kutimiza miaka 66. Alizikwa Flushing, Queens, katika sehemu ya makaburi ya askari wa zamani wa Ufaransa, akiwa amevalishwa sare ya Jeshi la Kigeni. Kumbukumbu za maisha yake, alizokuwa akiziandika miaka yake ya mwisho, zilikuwa bado hazijachapishwa.

Marekani ilianza kumtambua polepole. Mwaka 1989 jimbo la Georgia lilimweka kwenye orodha yake ya kwanza ya watu mashuhuri wa usafiri wa anga. Agosti 23, 1994, jeshi la anga lilimpa marehemu cheo cha luteni wa pili, kile cha chini kabisa cha uofisa. Wamarekani weupe walioruka pamoja naye walikuwa wamepewa uofisa miaka 77 kabla, wakiwa hai, na mshahara juu. Oktoba 9, 2019 sanamu yake ilizinduliwa kwenye jumba la makumbusho ya ndege la Warner Robins, Georgia, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka mlango ule ambao baba yake aliulinda kwa bunduki usiku kucha.